Kikohozi Nyuma ya Minyaa

Kwetu Usukumani mtu mzima hakimbii hivihivi. Ukimwona anakimbia, ujue kuna msiba, nyumba inaungua, au ng'ombe wameibwa. Mimi nilikimbia kwa kupenda tu, na kwa kupenda huko nimetoa maelezo mengi kuliko mwizi mbele ya hakimu.

Nilikuwa dereva wa lori la ushirika. Msimu wa pamba nilizunguka vituo vya kununulia, kuanzia Kahama na vijiji vyake, nikileta marobota na magunia kiwandani Shinyanga. Msimu ukiisha nilipeleka mbegu na dawa za kupulizia hadi Geita. Dereva kazi yake ni kukaa. Anakaa asubuhi, anakaa mchana, na jioni akishuka miguu yake inamshangaa. Nilianza kukimbia ili kunyoosha goti tu, natoka gereji hadi nje ya mji na kurudi. Baada ya miezi michache jambo lenyewe likawa limeniingia kama ugoro unavyowaingia wengine. Siku nisipokimbia nilikuwa mkali nyumbani, mkali kazini, hata usukani niliushika kwa ugomvi.

"Una lori zima," mafundi wa gereji walikuwa wakiniambia, "halafu unakwenda kwa miguu?"

Miaka ile ya sabini mbio ndefu zilikuwa zimeanza kuota kila mahali. Ikifika Mei Mosi kuna mbio, Saba Saba kuna mbio, parokia ikiwa na sikukuu yake nayo inataka mbio. Vijana wa leo wanaziita nusu marathoni na wanavaa saa inayowasomea mapigo ya moyo. Sisi tuliziita mbio za maili kumi na tatu, hata baada ya nchi kuhamia kwenye kilomita, na aliyezipima alikuwa mtu yeyote mwenye gari ambalo mita yake bado inazunguka. Kwa Shinyanga mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Mita ya lori langu ilikuwa na tabia zake, kuna siku ilihesabu na kuna siku ilisinzia, kwa hiyo mpaka leo sijui hasa nilikimbia umbali gani, ila najua ulikuwa unatosha.

Tulivaa bukta na fulana. Mwenye raba alivaa raba, asiyenazo alikimbia na katambuga zake za tairi, na wengi walikimbia pekupeku na kutuacha sote. Zawadi ilikuwa jembe, au shuka, na katika ile miaka ya shida mche wa sabuni ulipiganiwa kuliko kikombe.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa za Kahama, na zilinipa hasara niliyoijua baadaye. Tulianza alfajiri kukwepa jua, kundi zima la wanaume tunashuka barabara ya vumbi bila kusema neno. Katika kijiji kimoja mama mmoja alitoka kuchukua kuni, akatuona. Akafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya: akapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuita watu ng'ombe wakiibwa. Nyumba hadi nyumba wakaupokea. Kufumba na kufumbua wanaume wametoka na fimbo na pinde, wamejiunga nasi, wanakimbia kwa bidii ambayo sisi wanamichezo hatukuwa nayo.

Mzee mmoja alikuja sambamba nami. Alikuwa na umri wa baba yangu, upinde mkononi, na hakuwa akihema.

"Ng'ombe zimeelekea wapi?" akaniuliza.

"Shikamoo, baba. Hakuna ng'ombe. Ni mashindano."

"Marahaba. Mashindano ya nini?"

"Ya kukimbia."

Akakimbia kidogo huku akifikiri. "Mnamkimbiza nani?"

"Hatumkimbizi mtu, baba."

"Basi nani anawakimbiza ninyi?"

Pumzi zilikuwa zimeniishia. Aliniacha hapo akaenda kuuliza mbele. Wale watu walifika nasi mpaka mjini, na mmoja wao alimaliza wa tatu, akapewa mche wake wa sabuni, akaupokea kwa mikono miwili, kisha akauliza tena habari za ng'ombe. Tulicheka siku nzima. Sikujua kwamba katika wale wanakijiji kulikuwa na jamaa wa baba mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana watoto wa mjini siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao stendi ya basi. Kwetu mama mkwe, mayu bukwi, ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni, huli naye, hupishani naye njiani. Ukimwona anakuja, unaacha njia, unaingia porini au shambani, unampa mgongo mpaka apite. Sauti inaruhusiwa ikibidi, macho hayaruhusiwi. Nami nilikuwa nimemwoa binti wa kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Kolandoto, na kwa miaka yote tangu mahari sikuwa nimemtazama mama yake usoni hata mara moja. Hilo halikunisumbua. Nililikuta na nililipenda, kwa sababu ndani yake mlikuwa na upole fulani ambao sijui niueleze vipi.

Habari ikafika kijijini kwa wakwe zangu. Mkwe wenu ameonekana Kahama. Anakimbia barabarani na kibukta, mapaja yote nje, mbele ya wake za watu. Na hakuna aliyekuwa ameibiwa kitu.

Mke wangu alikuwa amekwenda kuwasalimu wazazi wake pamoja na binti yetu mdogo. Wiki ikapita, hakurudi. Ya pili ikapita. Nikaenda mwenyewe. Baba mkwe alinipokea vizuri, akanipa kigoda, tukaongea habari za mvua na bei ya pamba mpaka maneno ya adabu yakaisha. Ndipo akasema alichotaka kusema.

"Mwanangu yupo, ni mzima. Atarudi kwa mtu mwenye akili. Mapaja yako yameonwa na watu wa Kahama. Hao si wakwe zako, shauri yao. Lakini wewe kila siku unakimbia, na barabara hazina mwisho. Siku yakionwa na mama yako hapa, tutafanya nini?"

Aibu ya namna hiyo haina faini.

"Chagua," akasema. "Mbio au mke."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami miguu yangu nilikuwa naihitaji. Nilimwambia nimesikia. Lakini njiani kurudi nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliongea peke yangu. Mimi si mlevi. Simpigi mke wangu. Mshahara wangu wote unaingia ndani. Kitu kimoja tu nimekitaka katika dunia hii, nacho hakimli mtu, halafu kitu hicho ndicho kinaninyima nyumba?

Nikaacha mbio. Niseme wazi, nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Nilipika ugali ukaungua chini ukabaki unga juu. Niliporudi safari nyumba ilikuwa kimya, na katika msumari ukutani kulikuwa na kanga yake moja aliyoiacha, nami niliiacha palepale. Nilimpenda mke wangu. Wakati ule mwanamume hakusema maneno kama hayo hata kwa rafiki yake, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nilimtaka arudi kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Tatizo ni kwamba nilizitaka na mbio.

Mwezi huohuo nilitumwa Geita. Nilikuta wana sherehe yao na mbio ndefu za kuzunguka vilima, nami nikasema moyoni, Geita ni mbali, huku hakuna mkwe. Nikaingia na suruali iliyokunjwa magotini. Sitazisahau mbio zile. Ardhi nyekundu, vilima vinapanda vikishuka, na pale mgodi wa zamani ulipokuwa umefungwa wachimbaji wachache walikuwa bado wanakwaruza mawe na kuyaosha kwenye karai. Nilikimbia kwa hasira mwanzo hadi mwisho. Mchimbaji mmoja, vumbi limemgeuza rangi mpaka kope, alisimama na sururu yake akanitazama ninavyopanda.

"Kaka, unachimba nini humo barabarani?"

"Sijui," nikamwambia.

"Basi sisi ni ndugu," akasema, akaendelea kupiga mwamba wake.

Nilimaliza sijui wa ngapi. Nikarudi kwenye lori, nikafunga mlango, nikaweka kichwa kwenye usukani na kulia. Sikuwa nimelia tangu mama yangu mzazi azikwe.

Saba Saba ikakaribia. Kamati ya michezo ya Shinyanga ikaniita nikapime njia, kama kawaida. Mwaka ule walikuwa wameamua mbio ziende barabara ya Kolandoto, zigeuke kabla ya kufika, zirudi mjini. Niliendesha lori polepole, nikatazama mita yangu ya usingizi, na nilipofika pa kugeukia nilikuwa nimekwisha pita mbele ya mji wa wakwe zangu. Kwenda lazima upite pale, kurudi lazima upite pale. Nilizima injini nikakaa.

Mtu mwingine angesema, basi, mwaka huu nitapiga makofi. Mimi nilikwenda kwa fundi cherehani wa sokoni nikamwambia anishonee suruali. Ndefu, ya kaki, ifike kwenye kifundo, miguu iwe mipana ili nipate kukimbia. Akaniuliza ni ya kazini au ya kanisani. Nilipomwambia ni ya mbio alivua miwani akaniangalia vizuri. Shauri langu lilikuwa hili: nitapita mbele ya wakwe nimevaa kama mtu, watampelekea baba mkwe habari kwamba mkwewe amepita amejisitiri. Akikubali, nimepata vyote viwili. Akikataa, sitarudi tena kwenye mbio, nitamfuata mke wangu kwa magoti. Nilikuwa nimeamua hivyo, na sikumwambia mtu.

Asubuhi ya Saba Saba walinicheka tangu kwenye mstari wa kuanzia. Suruali ya kaki, shati lenye kola nimelichomekea, raba miguuni. Nilionekana kama karani aliyechelewa kazini. Lakini miguu ilikuwa imepumzika na moyo ulikuwa na jambo lake. Kwenda, mji wa wakwe ulikuwa kimya, nadhani wote walikuwa mashambani kuvuna pamba. Nikavunjika moyo. Nani sasa atakayeniona? Nikageuka kwenye alama na kuanza kurudi, jua limeshapanda, suruali imelowa jasho inanishika mapajani, na mbele yangu walikuwa watu wawili tu. Mmoja wao alikuwa anachechemea. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nakaribia kupata kitu.

Ndipo nikaona mwanamke anakuja upande wangu, debe la maji kichwani.

Mtu uliyekatazwa kumtazama unamjua kuliko unaowatazama kila siku. Nilimjua kwa mbali, kwa ule mwendo wake wa kuegemea kidogo kushoto. Sikufikiri. Barabara pale imenyooka na Shinyanga haina msitu wa kumficha hata mbuzi, lakini kushoto kwangu palikuwa na shamba la pamba lililokuwa halijavunwa. Nikaingia. Nikachuchumaa katikati ya pamba, mgongo nimeipa barabara, nikasubiri miguu ipite.

Miguu haikupita.

Nikasikia wakimbiaji wanaonifuata wanakuja. Mmoja akapunguza mwendo. "Vipi, tumbo limekushika?" Sikujibu, maana nitapaza vipi sauti na mama mkwe yuko hatua chache? Akacheka akaenda zake. Wakapita wengine. Kila mguu uliokwenda nilijua ni nafasi yangu inayokwenda. Jua linachoma kisogo, pamba inanichoma mikono, na nyuma yangu kimya. Nikasema labda amechoka, amekaa kupumzika katikati ya njia. Nigeuke? Haiwezekani.

Nisichokijua ni kwamba yeye alikuwa ameniona kabla sijamwona. Kwa desturi mkwe ndiye anayeacha njia. Lakini mama yule alikuwa amewaona waliotangulia, akafikiri kwamba mtu anayekimbia namna ile hawezi kusimama ghafla, atajiumiza. Akanionea huruma. Akaacha njia yeye, akaingia kwenye upenyo wa ua wa minyaa ng'ambo ya pili, akatua debe lake, akanipa mgongo, akasubiri nipite. Kwa hiyo tukawa hivyo. Yeye amejificha kulia, mimi nimejificha kushoto, kila mmoja anamngojea mwenziwe, na mbio za Saba Saba zinapita katikati.

Aliyetuokoa ni mke wangu. Alikuwa nyuma ya mama yake na ndoo yake, mtoto mgongoni. Alipofika pale akaona mgongo wa mama yake kwenye minyaa, akatazama huku, akaona mgongo wa mumewe kwenye pamba. Nikasikia ndoo inatuliwa chini. Kisha nikasikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua za masika. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Mayu," akaita alipoweza kusema, "mbona uko huko?"

"Namngoja apite," ikaja sauti kutoka kwenye minyaa. "Mwambie apite, ng'wanone, mwanangu. Watu wake wamekwisha mwacha."

"Mama anasema upite."

"Mwambie mama siwezi kupita na yeye amesimama," nikasema nikiziambia pamba. "Atangulie yeye. Ana mzigo."

"Mzigo nimeshautua," ikasema minyaa. "Apite."

"Mwambie sitapita mbele yake."

Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya barabara, anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Kisha ile sauti ikasema, taratibu kidogo:

"Mwulize amevaa nini."

Moyo ulinipiga kuliko kilima chochote cha Geita.

"Suruali, mayu," mke wangu akasema. "Ndefu. Na shati la kola. Hata mwalimu mkuu hana suruali kama hii."

"Na jua hili lote?"

"Na jua hili lote."

Mama mkwe akakohoa. Akakohoa mara ya pili, kikohozi kirefu. Mimi nikadhani vumbi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa ameshika kanga mdomoni na mabega yanamtikisika, na kwamba hakikuwa kikohozi hata kidogo.

"Mpe maji," akasema alipomaliza.

Mke wangu alichota kwenye debe la mama yake, akaniletea kata ndani ya pamba. Nilikunywa nikiwa nimechuchumaa, na yeye alinitazama ninavyokunywa, bado machozi ya kicheko yako machoni. Nikapaza sauti nikasema, "Wabeja, mayu." Yaani ahsante, mama. Kule ng'ambo kikohozi kikajibu. Kisha mke wangu akaamua kesi: akamtwisha mama yake debe, akasimama barabarani na kanga yake ameitandaza kwa mikono miwili kama pazia, mama akapita upande mmoja na mimi upande mwingine.

Nilifika mjini watu wameshahamia kwenye ngoma. Aliyekuwa anaandika waliofika alikuwa amekunja karatasi zake. Nilikunywa chai nikarudi nyumbani.

Hazikupita siku nyingi baba mkwe akaniita. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa ndani ya nyumba yake. "Mama yenu anasema huna wazimu," akaniambia. "Anasema mwenye wazimu asingesimama. Anasema ni kukimbia tu ndiko kunakokusumbua, na kila mtu ana lake." Akaweka sharti moja: barabara ya Kolandoto ni suruali. Kwingine nivae nipendavyo. Mke wangu akarudi na mtoto na jogoo, na siku ileile akanifundisha upya namna ya kusonga ugali bila kuuunguza.

Mwaka uliofuata nilipokuwa narudi kutoka kwenye alama, nilikuta debe la maji limewekwa kando ya lile shamba, kata inaelea juu. Hapakuwa na mtu. Nikanywa, nikaugeukia ua wa minyaa, nikasema, "Wabeja, mayu." Minyaa ikakohoa. Ikawa hivyo kila mwaka. Wenzangu wakajua, nao wakawa wanakunywa, wakaliita pale Kwa Mama Mkwe, hata wale wa kutoka Mwanza waliouliza njia waliambiwa, ukishapita Kwa Mama Mkwe, mji umefika. Wengine walijaribu kusema wabeja na wao. Hawakukoholewa.

Nilikimbia mahali pengi miaka ile. Isaka tulikimbia sambamba na reli, na treni ya mizigo ikatukuta njiani, dereva wake akatupigia honi mpaka tukasahau uchovu, tukajitia kushindana nayo kama watoto. Ushirombo tulianza baada ya misa na padri akatubariki miguu. Vilikuja vita, mwaka mmoja mbio zikafutwa, na baadhi ya tuliokuwa tukikimbia nao hawakurudi kutoka huko. Ikaja miaka ya foleni za sukari na uhaba wa mafuta, magari yakakatazwa kutembea Jumapili mchana, na barabara zikawa zetu peke yetu. Kote huko maji yalikuwepo, lakini hayakuwa na kikohozi. Nilikunywa nikamshukuru aliyenipa, nikajua kuna kitu kimepungua.

Katikati ya miaka ya themanini mama mkwe alilazwa hospitali ya Kolandoto. Kifua. Mke wangu alihamia huko kumwuguza. Mimi nilipeleka uji kwa baiskeli, nikaukabidhi mlangoni mwa wodi, nikarudi. Kuingia sikuweza, na hakuna aliyetarajia niingie.

Jumapili moja mchana nilishindwa kukaa. Nikavaa ile suruali ya kaki, ilikuwa imechakaa magotini, nikatoka kwa miguu hadi Kolandoto. Sikuwa nafanya mazoezi. Nilikimbia kwa sababu ndiyo namna pekee tuliyojuana, yeye na mimi. Nilifika nikasimama nje chini ya dirisha la wodi, nimeupa ukuta mgongo, nahema.

Nikamsikia ndani, sauti imekuwa nyembamba. "Nani anahema hivyo?"

"Ni yeye, mayu."

"Amekuja na mbio?"

"Na mbio."

Akapumzika. "Amevaa nini?"

"Suruali, mayu."

Akakohoa. Sikuweza kujua kama ni kile cha kicheko au ni ugonjwa. Nilitaka sana kijulikane. Nikakohoa na mimi, pale ukutani, akakohoa tena, na muuguzi akatoa kichwa dirishani akauliza kama nami ni mgonjwa. Nilimwambia hapana. Nilibaki pale mpaka jua likaanza kushuka, kisha nikatembea kurudi nyumbani, siku hiyo sikuweza kukimbia.

Alifariki kabla pamba haijachanua. Msibani nilikaa upande wa wanaume. Walipokuja kusema kwamba sasa mkwe anaweza kuingia kumtazama kwa mara ya mwisho, kwamba kwa marehemu hakuna tena mwiko, nilikataa. Shemeji zangu walidhani nina uchungu. Nilikuwa nao, lakini si hivyo. Katika maisha yake yote nilimpa heshima moja tu iliyokuwa yangu kumpa, na sikutaka kuichukua wakati hawezi kuacha njia.

Saba Saba ikaja tena. Nilikuwa nimezeeka miguu, vijana walinipita kwenda, wakanipita kurudi. Nilipokaribia lile shamba niliinua macho, na barabara ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua. Hapakuwa na mtu anayekuja. Hata hivyo miguu iliacha njia yenyewe. Niliingia kwenye pamba nikachuchumaa, nikaipa barabara mgongo, na hapo kilio nilichokibana tangu msibani kikatoka. Wakimbiaji walipita. Hakuna aliyeniuliza habari za tumbo.

Nilipoinuka niliona debe kando ya njia, limejaa, kata juu. Nikalitazama kwa muda. Nikanywa. Ua wa minyaa ulikuwa umerefuka, huoni kitu ndani yake.

Kikohozi kikatoka.

Nilikijua ni cha nani. Nimelala kando ya kifua kile maisha yangu yote ya utu uzima. Asubuhi aliniambia anakwenda sokoni, na nilimwamini. Sikusogea kwenda kumtazama, wala sikumwita. Nilirudisha kata ndani ya debe, nikaigeukia minyaa na kusema, "Wabeja, mayu," kisha nikarudi barabarani, suruali inanipigapiga miguuni, nikaendelea kukimbia kuelekea mjini.